Pipa Lililokula Rangi

Zuhura mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana hujaenda popote bado. Umekwenda Kunduchi kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako, hakuachii mpaka ule samaki wa kwanza, wa pili, na wa kufungiwa njiani. Kwa hiyo mchana wote huu ni wangu. Nimekaa chumbani na daftari lako la zamani, lile ulilobakiza kurasa nyingi, na baba yako yuko barazani anapigana na zipu ya begi lako. Nimemwambia zipu haifungwi kwa matusi. Anasema hatukani, anaibembeleza.

Kesho asubuhi basi la Arusha litapita hapa Kibamba na wewe utalipanda. Mambo ya sweta, kula kwa wakati, kuswali na kupiga simu nimekwisha kuyasema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Humu hutayakuta. Humu kuna jambo moja. Ni neno ulilolitumia katika yale maelezo yako ya kuombea nafasi ya kusoma, yale uliyosema wiki ya kwanza utayasoma mbele ya walimu wako. Nataka ulifute. Lakini nikikwambia ulifute bila kukueleza nilichokifanya leo, utadhani mama yako anaona haya. Haya naona, sikufichi, ila siyo sababu.

Ngoja nianzie kwenye chuma.

Sheria ya kwanza ya uani kwetu uliijua kabla hujajua kusoma: chuma hakigusi rangi. Mwiko wa mbao, beseni la plastiki, kijiko cha plastiki cha kupimia magadi. Yule mama wa Temeke aliyenifundisha batiki alikuwa akitukagua vichwani kabla ya kazi. Anatutoa pini za nywele moja moja anaziweka kwenye kopo dirishani, kwa sababu aliwahi kuona pini moja ikiharibu shuka zima. Kitambaa kikila rangi tunafurahi. Chuma kikila rangi tunanuna. Njano yako inageuka tope, nyekundu inakuwa kama maji ya maharage, na mteja hakuelewi hata ukimwapia.

Sasa nyuma ya nyumba, karibu na choo, tulikuwa na pipa la chuma. Baba yako alilileta kutoka kwenye ghala analofanyia kazi Mikocheni, wakati wewe bado unatambaa. Lilikuwa limeoza kutu ndani na nje. Kwa kazi ya maana halikufaa, nikaligeuza la kumwagia mabaki. Unakumbuka tulivyokuwa tunasema: beseni likishatoa shuka la mwisho na maji hayashiki tena kitambaa, tunasema maji yamekufa. Maji yakifa, yanatupwa pipani. Pipa likijaa, tunaliinamisha kwenye mtaro, na mtaro unateremka mpaka kijitoni.

Nililiona jambo lile pale, Zuhura. Nataka ujue kwamba nililiona. Maji yanaingia pipani yakiwa zambarau ya kuumiza macho, na siku nne tano baadaye yanatoka yamepauka kama chai iliyotiwa maji mara ya pili, na chini kuna tope jekundu la kutu. Wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka, macho yangu yaliona. Nikasema tu, chuma hiki kina nuksi, hata maji yaliyokufa kinayala. Nikafunga mdomo, nikarudi kwenye nta yangu. Sikujiuliza swali la pili.

Swali la pili uliuliza wewe, na nilikupiga.

Ulikuwa na miaka saba. Nilikuwa na kazi ya sare za harusi, njano ya dhahabu, na nilikuwa nimeziloweka toka jioni. Asubuhi nakuja kugeuza, naona mashuka yamejaa madoa ya kahawia kama mtu ametemea ugoro, na chini ya beseni kuna misumari ya kutu, tena umeifunga kwa kamba vizuri, wala haikuwa imedondoka. Nilikushika mkono nikakuchapa na mwiko ule ule wa kukorogea. Ulikuwa unalia na kusema kitu. Nimekuwa nikikisikia siku hizi nikiwa peke yangu jikoni: "Mama, nilitaka kuona kama misumari nayo inakula." Siku ile nilisikia neno misumari tu, na kila nilipolisikia nilichapa tena. Nilikupiga kupita kosa lenyewe. Nilikuwa naogopa mwenye harusi, na hofu yangu ukaibeba wewe mgongoni. Nisamehe, mwanangu. Ningeweza kulisema hili miaka mingi iliyopita na sikulisema, kwa sababu mzazi wa uswahilini anamwomba mtoto radhi kwa kumpikia chakula akipendacho. Nilikupikia wali wa nazi. Wewe ulikula ukanyamaza, nikajiambia yameisha.

Nimekumbuka pia siku pipa lilipoondoka. Ulikuwa umeshatimiza tisa. Mnunuzi wa chuma chakavu alipita na mkokoteni akilimezea mate pipa letu, na baba yako alikuwa ameahidi kuleta la plastiki, la buluu, zuri. Nikaliuza lile. La plastiki lilipofika nikaona ni zuri mno kutiwa uchafu, nikaliweka la maji safi. Basi maji yaliyokufa yakawa yanatoka beseni na kuingia mtaroni moja kwa moja. Siku ya kwanza ulisimama pale kwenye mtaro ukauliza, "Mama, sasa nani atakula rangi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Niliwasimulia wanawake wa kikundi chetu, na kwa muda mrefu ukawa ndio utani wetu tukimaliza kazi: haya, nani atakula rangi?

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimepita, udongo umelewa maji. Kisima cha Bi Tausi unakikumbuka, kile kifupi kilichozungushiwa tairi la lori, kando ya matuta yake ya mchicha na matembele, nyuma ya uzio wetu wa michongoma, pale mtaro wetu unapopita. Jirani yetu huyu alikuwa mtu mzima tayari wakati ule, mjane, na mchicha ndio uliokuwa mume wake, baba yake na mwanawe. Aliuosha kwenye maji ya kisima kile, akaufunga mafungu, akaenda nao sokoni kabla jua halijawa kali.

Asubuhi moja nilimwona kupitia michongoma anakuja na kopo la maziwa ya unga amelishika kwa mikono miwili. Kutoka mbali nilijua. Nilikuwa nimechanganya zambarau juzi yake. Wewe ulikuwa umechuchumaa karibu yangu unasuuza vitambaa, na kabla hajafika mlangoni nilikwambia, nakumbuka sauti yangu ilivyokuwa ya kawaida, kama ninayekuagiza chumvi: "Akikuuliza, sema siyo sisi."

Akaingia. "Hodi humu."

"Karibu, Bi Tausi. Shikamoo."

"Marahaba. Mama Zuhura, hebu niangalizie wewe mwenye macho ya rangi. Haya ni maji gani? Yametoka kisimani kwangu."

Nikainama nikatazama kopo, kana kwamba nahitaji kutazama. "Mh! Hao wa kule juu hao, Bi Tausi. Wanaoosha magari. Wanamwaga kila takataka."

"Wa kule juu?"

"Nani tena?"

Akakugeukia wewe. "Zuhura, mwanangu, nyie hammwagi huku?"

Ukanitazama. Mimi nikatazama kopo. Ukasema, "Hapana, bibi." Na ulivyosema ukaficha mikono nyuma.

Alipoondoka nilikupa hela ya ubuyu. Ulikwenda ukanunua, ukarudi, ukaiweka pakiti dirishani bila kuifungua. Kesho yake nilikuta sisimizi wameizunguka nikaitupa. Sikusema kitu na wewe hukusema kitu, na huo ndio ulikuwa mkataba wetu, mimi na mtoto wa miaka tisa.

Watu walianza kuukwepa mchicha wa Bi Tausi. Haikupita muda mrefu nikasikia koleo nyuma ya michongoma. Alikuwa anakifukia kisima, kwa mikono yake, na wapwa zake wawili wanamsaidia. Mimi nilikuwa upande huu napiga pasi batiki, natoa nta. Niliongeza sauti ya redio.

Wiki kadhaa baada ya hapo nilianza kumwaga maji mbali, upande wa barabarani, nikijiona nimetubu. Kijito kikarudi rangi yake ya kawaida, hiyo ya matope. Macho yangu yakatulia. Nikasema yameisha.

Sasa nikuulize: unakumbuka ulivyokuwa ukinung'unika kuhusu Bi Tausi? Ulikuwa ukirudi shule unamkuta barazani kwake, unamwamkia vizuri, anakuitikia vizuri, halafu anamwita mtoto wa nyumba ya tatu kumtuma dukani. Anakupita wewe uliyesimama pale mlangoni, anamwita mwingine kule mbali. Uliniuliza, "Mama, kwa nini mie hanitumi?" Mtoto wa kwetu kulalamika kwamba hatumwi! Wenzako wanajificha wakimwona mtu mzima ana sarafu mkononi, wewe unalia hujatumwa. Nilikutania. Nikakwambia una bahati. Lakini nilijua, na ulijua, kwamba mtu mzima humtuma mtoto anayemwamini, na asiyetumwa kuna kitu ameonekana nacho. Nilidhani Bi Tausi ananinunia mimi kupitia kwako. Hilo nalo nikalimeza.

Ukakua, ukasoma, ukaondoka ukarudi, ukaanza kuongea mambo ya maji. Mwezi uliopita ulitukalisha mimi na baba yako mezani utuonyeshe unachokwenda kukifanya. Nilikuwa nimepanga kusinzia, nikwambie ukweli. Ulichemsha majani yangu ya chai, tena yale mazuri ya wageni, ukayachuja. Ukaleta unga wako wa kijani hafifu, ukasema ni chumvi ya chuma. Ulipoimimina humo, chai ikageuka nyeusi ti, kama wino. Baba yako akasema hiyo sasa hainyweki. Ukasema humo ndani mna vipande vya chuma vidogo kupita vumbi, vidogo kiasi kwamba hata hadubini ya shuleni haivioni, na chai ndiyo inayovizuia visigandamane. Jina lake ukalitaja, nano, baba yako akaanza kuita kila kitu nano mpaka leo. Asubuhi ameniomba kipande nano cha mkate.

Mimi hiyo ya udogo ndiyo niliyoielewa upesi kuliko ulivyotegemea. Nazi nzima ukiitia majini hupati tui. Ukiikuna ndipo inatoa. Msumari ni nazi nzima, na wewe umekwenda kutafuta mbuzi ya kukunia chuma. Ulicheka ukasema utaiandika hiyo.

Kisha ukachukua chupa ya maji yangu yaliyokufa, ya zambarau, ukatia matone ya ule wino na ile dawa ya famasi inayotoa povu kwenye kidonda. Tukakaa. Baba yako alikwenda kuswali akarudi. Zambarau ikawa inapungua, ikapauka, ikawa kama maji ya mchele, na chini likatua tope jekundu. Nililitambua tope lile, Zuhura. Ni lile la pipa letu. Nikasimama nikaenda jikoni, nikasema nimesahau kitu motoni. Hakukuwa na kitu motoni.

Niliporudi nikanyoosha mkono niinue ile chupa, ukanishika. "Mama, usije ukanywa."

"Si yamekuwa safi?"

"Rangi imetoka machoni tu. Ukiivunja rangi inaacha vipande, na vipande vingine vinaweza kuwa vibaya kuliko rangi yenyewe. Mpaka upime ndipo ujue. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ninayokwendea, kutoa rangi peke yake ni rahisi."

Nikakuuliza kuhusu yale maji yetu, mbona tuliyasema yamekufa. Ukasema, "Hayakufa. Yalichoka kushika kitambaa tu. Kwa samaki na kwa mchicha yalikuwa mazima kabisa." Nikakuuliza na lile pipa, lilikuwa likifanya hivi hivi? Ukafikiri kidogo, kama unavyofanya usipotaka kunidanganya. Ukasema lilisaidia, siyo kwa yote, na lile tope lake nalo lilikuwa si la kutupwa mtaroni. Ukasema, "Lakini lilisaidia, mama." Hukuniambia kwamba ulishaniuliza nani atakula rangi. Ulikuwa na nafasi nzuri ya kulisema na ukaliacha lipite. Sijui hiyo adabu uliipata wapi, si kwangu.

Juzi uliniomba nikushikie bahasha ya karatasi zako usije ukazisahau. Unanijua mimi, bahasha isiyogundishwa kwangu ni barua yangu. Nikasoma. Umeandika vizuri. Umeandika kuhusu kijito, kuhusu mchicha, kuhusu jirani mjane aliyefukia kisima. Halafu nikafika pale: "maji hayo yalichafuliwa na watia rangi wasiojulikana."

Wasiojulikana. Nilisoma tena. Mimi, Mama Zuhura, ninayejulikana hapa mpaka na mbwa wa watu, leo nimekuwa mtu asiyejulikana, na aliyeniandika hivyo ni mwanangu niliyemzaa. Kwanza nilicheka peke yangu. Kisha ikaniuma kifuani, ikakaa. Niliona kwamba ulikuwa unaniambia tena "Hapana, bibi." Miaka kumi na tano imepita, umekuwa mtu mzima, una shahada, unakwenda mbele ya maprofesa, na bado umeficha mikono nyuma kwa ajili yangu. Hakuna aliyekuagiza safari hii. Umeshazoea.

Basi leo, ulipoondoka tu kwenda Kunduchi, nilijitanda khanga nikaenda kwa Bi Tausi. Nilimkuta kwenye mkeka anachambua mchele. Siku hizi anaona kwa shida, anainua ungo karibu na uso.

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba, Mama Zuhura. Karibu kitako. Huyo msafiri yuko wapi, anafunga mizigo?"

"Amekwenda kumuaga shangazi yake. Bi Tausi, mie nimekuja kwa ajili ya kisima."

"Kisima kipi? Si nilishakifukia kile."

"Yale maji ya zambarau. Yalikuwa ya kwangu. Siyo ya wa kule juu."

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa. "Najua yalitoka kwenu," akasema. "Mie mjinga? Vidole vya mtoto niliviona, zambarau tupu."

Nikadhani basi, limekwisha, kumbe alijua siku zote. Nikaanza kusema unisamehe, akanikatiza.

"Nilijua yametoka kwenu. Sikujua kama ni wewe."

"Sasa ungedhani ni nani?"

"Mtoto." Akaweka ungo chini. "Nilisema, huyu anacheza na rangi za mama yake, anamwaga mtaroni, mama hajui. Ndio maana ameficha mikono. Nikitaka nirudi nikwambie. Lakini mkono wako nilikuwa naujua, Mama Zuhura. Ile siku ya misumari nilikusikia mpaka huku, nilisimama pale kwenye michongoma nikashindwa kuingia. Nikasema nikimshtaki kwa hili, safari hii atamvunja. Ndio nikaona heri nifukie kisima."

Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno, kwa sababu mimi sijaweza kuyaweka mahali. Alifukia kisima chake ili nisikupige. Na mimi nilikuwa upande wa pili naongeza sauti ya redio.

Nikasema, "Kwa hiyo miaka yote hii..."

"Miaka yote hii nimemwona mtoto mwongo. Mzuri, ana adabu, shikamoo yake haikosi. Lakini mwongo, tena mwongo wa kukutazama machoni. Ndio maana sikuwahi kumtuma." Akanigeukia. "Kumbe alitumwa na wewe."

Nililia, nikwambie ukweli, nililia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, mpaka mmoja wa wapwa zake akachungulia. Nikaomba radhi. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Nimesikia." Akachukua ungo akaendelea na mchele, nami nikakaa pale nikamsaidia kutoa mawe, kwa kuwa macho yangu bado yanaona na ya kwake hayaoni, mpaka ungo ukaisha. Siwezi kukuambia tumepatana. Nimekwenda, hilo tu, na nitakwenda tena, wewe ukiwa umeshaondoka, na ikibidi tena baada ya hapo.

Kwa hiyo neno lile lifute. Pale kwenye wasiojulikana andika mama yangu. Usiandike kwa kunitetea, usianze kueleza kwamba hakujua, kwa sababu nilijua nusu, na ile nusu ingetosha kama ningeuliza. Nimefikiri sana kwa nini naona hili lina uzito kwako na siyo kwangu tu. Wewe unakwenda kwenye kazi ya kupima. Utakuwa na chupa mbele yako imekuwa nyeupe, watu wanapiga makofi, na wewe peke yako utajua kwamba hujapima kilichobaki humo. Siku hiyo sitaki uwe na mazoezi ya kunyamaza uliyoyapata kwangu. Walimu wakikuuliza uliijuaje habari ya maji haya, useme umelelewa nayo, vidole vya rangi ulikuwa navyo, na jina la aliyeyamwaga unalijua kwa sababu unamwita mama.

Mimi huku nitaendelea na batiki, maana ndiyo iliyokusomesha na sijui kazi nyingine. Baba yako amepata pipa la chuma. Alikwenda mwenyewe kwa mnunuzi wa chakavu akaomba lililooza kuliko yote, yule akamtazama kama mtu ambaye dawa zimemwishia. Nitamwaga humo, na tope lake nitaliweka kwenye ndoo yenye mfuniko, kama ulivyosema, mpaka uje uniambie linakwenda wapi. Likijaa kabla hujajua, nitapunguza kazi. Kwa hiyo soma upesi kidogo.

Naona jua limeteremka kwenye ukuta, utakuwa njiani. Baba yako ameishinda zipu. Barua hii nitaiweka juu ya begi, uisome leo leo, tukiwa wote hapa, wala usingoje kuifungua kwenye basi ukalie mbele za watu.

Limebaki moja. Nilipokuwa natoka, Bi Tausi aliniita nikiwa nimeshafika mlangoni. Akasema, "Basi lake saa ngapi?" Nikamwambia. Akafungua pindo la khanga yake, akapapasa sarafu, akazihesabu kwa vidole, akafunga tena. Akasema, "Mwambie asubuhi aanzie hapa kabla ya kupanda. Chumvi imeniishia. Nataka nimtume."

Nikataka kumwambia mimi nitamletea, nitamletea gunia zima. Nikajizuia.

Kwa hiyo kesho amka mapema, mwanangu. Duka la kona linafunguliwa kabla basi halijapita. Mimi nitabaki uani, sitachungulia kwenye michongoma. Akikuuliza habari ya yale maji, jibu wewe mwenyewe. La kusema nilishakuambia mara moja, sikuambii tena.

Mama yako